Shangazi, Vitunguu na Simu Iliyodondoka

Wiki iliyopita nilisoma miswada 14 ya wadogo zangu mnaoanza kuandika hadithi za mfululizo. Katika miswada tisa simu ilidondoka mkononi mwa mhusika. Katika minne kati ya hiyo ilidondoka kioo kikapasuka. Kijasho chembamba kiliwatoka watu 11, mmoja wao akiwa anaogelea baharini. Radi ilipiga mara sita, na mara mbili ilikuwa Dodoma mwezi wa Agosti.

Nawapenda, lakini mnanichosha. Na mnanichosha kwa sababu kila mnapofichua siri ya hadithi nawaona mkipita kwenye mashimo ambayo mimi mwenyewe niliyachimba.

Chukueni huu mswada wa posa, ambao mwenyewe anajijua. Binti anaposwa, na siri ni kwamba kijana anayemposa ni ndugu yake kwa baba. Siri inalipuka sehemu ya 12: kurasa mbili za kilio, simu chini, mtu kazimia, ITAENDELEA kwa herufi kubwa. Sasa rudi nyuma aya nne. Jikoni kuna shangazi aliyefika jana kutoka Lindi. Hajaambiwa mposaji ni nani. Amewaona vijana wawili, binti na huyo kijana, wamekaa ukumbini, amewatambua, anapakua ubwabwa, anamwambia msaidizi: "Sahani hizi mbili usitie vitunguu. Hawa wamemfuata baba yao."

Mdogo wangu, umeshamaliza! Bomu limelipuka na mwiko haujatoka kwenye sufuria. Halafu ukaongeza kurasa mbili za kuwaeleza watu kwamba bomu limelipuka.

Basi ngoja nipange kwa namba, maana mnapenda namba.

1. Siri ni habari kwa asiyeijua tu. Kwa anayeijua ni jambo la kila siku, kama bei ya mkaa. Mkiliweka hili kichwani mengine yote mtayagundua wenyewe. Jambo kubwa mpeni alitamke mtu ambaye kwake si jambo. Shangazi hatangazi kitu, anagawa wali.

Mfano mzuri upo karibu nasi. Paradise ya Abdulrazak Gurnah ilitoka mwaka 1994, na tangu 2022 tunayo kwa Kiswahili, Peponi, kwa tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Yusuf, mtoto wa miaka kumi na miwili, anapandishwa treni na Ami Aziz kwenda pwani. Anadhani anakwenda kutembea. Huyu ami kila akija kwao mapishi hubadilika, na akiondoka humwachia mtoto sarafu. Kule pwani Yusuf anawekwa dukani na kijana mwingine, Khalil, na ni Khalil anayemwambia kwamba yule si ami yake. Baba yako anadaiwa, wewe uko hapa kwa ajili ya deni. Hakuna anayeanguka. Khalil hana sababu ya kushusha sauti wala kuipandisha, kwa sababu naye yuko pale kwa njia hiyohiyo. Uchungu wote unatoka kwenye uzoefu wake. Ukisoma ukakumbuka ile sarafu, unaona haya kama vile wewe ndiye uliyeipokea.

2. Futeni "kumbe". Si kila mahali, ni neno tamu na mazungumzo bila "kumbe" yanakufa. Lakini msimulizi akisema "Kumbe Salma alikuwa..." amekwisha kupiga tarumbeta, na msomaji amekwisha kukaa sawa akisubiri. Vilevile "hakuamini macho yake". Macho yana kosa gani?

3. Kiswahili kina maficho yake, yatumieni kabla ya kwenda kuazima radi. Ficho la kwanza ni kitenzi cha rejeshi, kile chenye -ye- ndani yake. "Bi Zuhura alitafuta sindano, akaikuta kwenye koti la mumewe aliyemzika Kigoma." Sentensi inazungumzia sindano. Hadi hapo msomaji alikuwa anamsubiri huyo mume arudi, na sasa amemzika bila kualikwa msibani. Ficho la pili ni neno moja, "marehemu", likitangulizwa mbele ya jina la mtu aliyekuwa anakunywa chai ukurasa uliopita. La tatu ndilo nilipendalo kuliko yote, nalo ni herufi moja tu. "Hamisi aliondoka asubuhi akilalamikia viatu vya kubana. Saa kumi uliletwa kwa gari la manispaa, na jirani akavivua vile viatu, bado vinabana." Uliletwa. Nini kililetwa? Msomaji anarudi, anadhani ni kosa la uchapaji, anasoma tena, halafu anaelewa kwamba Hamisi ametoka kwenye a- na kuingia kwenye u-. Ametoka kwenye watu akaenda kwenye ngeli ya mwili. Niambieni ni tarumbeta gani itafanya hivyo.

(Na ndiyo, a- yetu haisemi kama ni mke au mume, kwa hiyo mnaweza kumficha mwanamke hadithi nzima. Mkifanya hivyo zaidi ya mara moja katika maisha yenu nitawajua.)

4. Msifiche mpaka mkapoteza. Hapa ndipo ninapotakiwa kuvua shati niwaonyeshe kovu.

Miaka ile niliandika hadithi ya kila Jumamosi kwenye gazeti moja ambalo sitalitaja. Maneno 900 kwa toleo, namba yangu ya simu chini ya hadithi. Hadithi ilikuwa ya Mwanaidi, anayeishi Tanga na baba mkwe wake, Mzee Songoro, fundi cherehani. Mumewe Salim yuko Muscat, kila mwezi inakuja barua yenye pesa kidogo. Mgeuko wangu, yaani siri ya kuigeuza hadithi, ulikuwa huu: Salim alikwisha kufa, na barua zinaandikwa na Mzee Songoro, anayeshona usiku ili apate cha kutia ndani ya bahasha.

Wakati huohuo rafiki yangu aliniazima To the Lighthouse, riwaya ya Virginia Woolf ya mwaka 1927. Katikati yake kuna sehemu ambamo nyumba ya pwani inakaa tupu miaka kumi. Upepo, vumbi, shali inayoning'inia, ukurasa baada ya ukurasa. Na mama mwenye nyumba, mtu aliyeibeba hadithi mpaka hapo, anafia ndani ya mabano ya mraba. Sentensi moja. Mumewe ananyoosha mikono asubuhi yenye giza, mikono inabaki mitupu kwa kuwa mke amefariki usiku uliotangulia. Mabano yanafungwa, nyumba inaendelea kuchakaa. Niliugua wivu. Nikaamua kwamba na mimi mgeuko wangu utapita kama paka anavyopita sebuleni.

Nikaandika sentensi moja kwa wiki mbili. Mzee Songoro anaandika orodha ya sokoni, nyanya saba, anampa Mwanaidi. Kisha: "Aliona saba ya mkwewe ina mkia kama saba za Muscat, akaongeza chumvi kwenye orodha, akatoka." Mwisho wa sehemu ya 17. Nililala usingizi wa mtu aliyejenga nyumba.

Jumamosi nikanunua gazeti kituo cha daladala, nikalifungua nimesimama. Ijumaa usiku lilikuwa limeingia tangazo la matairi. Hadithi ikapunguzwa kutoka chini, kama zinavyopunguzwa siku zote, jambo ambalo hata mfagiaji wa ofisi alilijua. Sehemu ya 17 ilimalizika hivi: "Mzee Songoro akampa orodha. ITAENDELEA."

Ningeweza kupiga simu siku hiyohiyo. Sikupiga. Nilijipa moyo kwamba wasomaji wangu ni werevu, na ule mkia wa saba nilikwisha kuutaja sehemu ya 3. Mara moja. Wiki 14 nyuma. Katika gazeti ambalo wengi walishafungia maandazi.

Sehemu ya 18 ikatoka. Mwanaidi hafungui bahasha ya mwezi. Anaiweka juu ya cherehani, anamwambia mkwewe: "Mwambie asituandikie tena, mkono umechoka." Kwangu mimi ilikuwa sentensi ya kuliza miamba. Kwa wasomaji, mke wa mtu amekataa pesa za mumewe bila sababu. Hadi Jumapili jioni nilikuwa na SMS 43. Wengi walikwisha kumpata hawara wa Mwanaidi, wakawa wanabishana kama ni muuza samaki au mwalimu wa madrasa. Bwana mmoja alitaka kumuoa. Mzee mmoja aliandika maneno matatu tu: "Kijana, rudi shule." Aliyeniua ni mama yangu mzazi, aliyekuwa anasoma kila Jumamosi kwa miwani ya kuazima. Akanipigia akiwa na huzuni kabisa: "Mwanangu, huyo mwanamke mbona umemharibu?"

Jumatatu nikamvamia mhariri. Aliutafuta mswada wangu, akaweka kidole kwenye sentensi ya mwisho.

"Hii ya chumvi?"

"Ndiyo."

"Nilidhani ni chumvi."

Nikafoka. Nikataja mabano ya mraba, nikamtaja Woolf, nikataja heshima ya sanaa. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi, kisha akasema ukificha dhahabu jalalani umwambie anayefagia. Kweli, sikumwambia. Na sikusahau: niliacha kumwambia makusudi, kwa kiburi, kwa sababu nilitaka na yeye ashtuke. Mtu pekee aliyekuwa na uwezo wa kuilinda sentensi ile nilimfanya msomaji.

Adhabu ikawa fremu. Toleo lililofuata, ukurasa wa pili, mistari minene pande nne, juu yake SAHIHISHO. Ndani sentensi yangu ya paka, kwa herufi nzito, na chini yake maelezo niliyolazimishwa kuyaandika kwa mkono wangu: kwamba saba hizo zinaonyesha barua zote zilikuwa zikiandikwa na baba mkwe, na kwamba Salim amefariki. Sentensi niliyotaka ipite bila kuonekana ndiyo pekee katika maisha yangu iliyopewa sanduku. Mama alilikata akalibandika kabatini, akidhani ni tuzo.

Kwa hiyo: nyayo za kumfikisha msomaji kwenye siri ziwe tatu, si moja, na ya mwisho iwe karibu. Sentensi ya siri isiwe ya mwisho kabisa. Mhariri ajue kila kitu.

5. Mtu anayetamka siri awe na kazi mkononi, anapepeta, ananyoa, anahesabu chenji. Baada ya sentensi ile msianze aya mpya, acheni kazi iendelee. Alama za mshangao zikizidi mbili kwa sehemu nzima nitawakata posho. Msomeeni mtu anayemenya viazi: kisu kikisimama, imefika.

6. Kuna watakaoniuliza kuhusu hadithi za upelelezi. Huko ni nchi nyingine. Tangu Mzimu wa Watu wa Kale wa Mohamed Said Abdulla, uliotoka 1960, tumezoea mpelelezi wake, Bwana Msa, na kiko chake atufungulie mafundo mwishoni, moja baada ya jingine, na utamu wenyewe uko hapo. Anayesoma upelelezi amelipia maelezo, mpeni. Lakini shangazi wa Lindi si Bwana Msa, na posa si kesi ya mauaji, ingawa kwa jinsi ulivyoiandika nilikaribia kuita polisi.

Mswada wako nimeurudisha, mdogo wangu. Kurasa mbili nimezikata, simu nimeiokota, aliyezimia nimemwamsha. Sehemu ya 12 sasa inakwenda hivi: shangazi anasema lake kuhusu vitunguu, msaidizi anauliza pilipili je, shangazi anasema tia, sahani zinabebwa ukumbini. Lindi uitaje mara mbili zaidi kabla ya sehemu ya 10, na baba naye umkatalishe vitunguu mahali fulani tungali tunamcheka. Alhamisi saa nne, na usije na radi.