Mgonjwa hajachomwa dawa, kipimo kinasema ana kingamwili

SWALI: Mtaalamu, maabara yetu imehakiki ELISA (kipimo kinachotoa rangi kingamwili ikionekana) ya kutafuta kingamwili dhidi ya dawa ya kibayolojia ya baridi yabisi, dawa yenyewe ni kingamwili pia. Kizingiti, yaani namba ambayo ikipitwa jibu ni chanya, tulikipata kwa seramu za watu 50 wenye afya. Sasa tunapima wagonjwa: mmoja kati ya watano anatoka chanya kabla ya sindano ya kwanza. Baada ya sindano karibu wote ni hasi. Turudie uhakiki wote?

JIBU: Si wote. Hapo kuna matatizo mawili, na kila moja lina suluhisho lake.

La kwanza ni kizingiti. Wagonjwa wengi wa baridi yabisi wana kingamwili zinazoshika mikia ya kingamwili nyingine. Katika ELISA ya daraja, ambamo kingamwili huunganisha dawa mbili, zinaishika dawa iliyo kwenye sahani kwa mkono mmoja na ile yenye alama kwa mwingine, na rangi inatokea ileile. Seramu za watu wenye afya kwa kawaida hazina kelele hiyo, kwa hiyo kizingiti chenu kimekaa chini mno.

Tafuteni seramu za wagonjwa wa ugonjwa huohuo ambao hawajatumia dawa, angalau 50, zipimwe kwa siku tofauti na watu wasiopungua wawili. Namba zikifuata mtawanyo wa kawaida (umbo la kengele), chukueni wastani, ongezeni mchepuko sanifu mara 1.645. Kwa hesabu hiyo takriban 5% watatoka chanya ya uongo, na ndivyo inavyotakiwa. Naona maabara zinazoionea haya hiyo 5% na kuishusha. Nawasihi msifanye hivyo. Mchujo usiokosea upande huo hata mara moja huenda unawapita wagonjwa wenye kingamwili za kweli. Wala msiondoe ovyo sampuli zenye namba kubwa, maana kila mnayoitoa inashusha kizingiti. Kwanza iongezeeni dawa: rangi ikishuka sana, huenda mtu huyo ana kingamwili za asili dhidi ya dawa, naye ndiye wa kutolewa. Njia hiyohiyo ndiyo kipimo cha kuthibitisha, chenye kizingiti chake kinachoruhusu 1% ya chanya za uongo.

Hao hasi baada ya sindano wananitia wasiwasi zaidi. Dawa iliyobaki kwenye damu imezishika kingamwili zote, na hakuna zilizobaki za kujenga daraja. Chukueni kingamwili ya kudhibiti (ya mfano, inayojulikana kuishika dawa) kwa nanogramu 100 kwa mililita, kiwango ambacho FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, inapendekeza kipimo kiweze kukiona, kisha ongezeni dawa hatua kwa hatua mpaka ishara ipotee. Linganisheni mahali hapo na kiwango cha dawa kwenye damu siku ya kuchukua sampuli. Kiwango cha mgonjwa kikizidi, tenganisheni dawa na kingamwili kwa asidi kabla ya kupima, kisha mhakiki upya hatua hiyo pamoja na kizingiti chake. Mpaka hapo, majibu ya sampuli hizo yaandikwe “hayajulikani”, yasiandikwe “hasi”.