Alikatishwa masomo kwa mimba, cheti cha kuzaliwa hana: chuo kikuu na mkopo atapata?

SWALI: Habari za kazi, wakili. Ninamlea binti wa marehemu kaka yangu, tuko kijijini hapa Chamwino. Mwaka 2019 akiwa kidato cha tatu alipata mimba, shule ikamwondoa. Mtoto alipokua kidogo akajiunga na kituo cha elimu ya watu wazima, akafanya mtihani wa kidato cha nne na sasa wa sita kama mtahiniwa wa kujitegemea. Amepata Kiswahili D, Historia D, Jiografia E. Cheti cha kuzaliwa hana. Baba yake tulimzika hapahapa bila kuchukua cheti cha kifo. Tena jina la ukoo kwenye kadi ya ubatizo linaanza na Chi-, shuleni waliandika Ki-. Majirani wanasema aliyefukuzwa shule hapewi mkopo wa serikali. Ni kweli sheria inamzuia?

JIBU: Mbukwenyi, shangazi. Si kweli, na naomba umwambie binti leo hii kabla hajalala.

Kilichomtoa shuleni kilikuwa kanuni za mwaka 2002 za kufukuza wanafunzi, zilizoruhusu shule kumwondoa mwanafunzi aliyeolewa au aliyefanya kosa dhidi ya maadili. Mimba ikahesabiwa humo, kana kwamba binti alijipa mimba peke yake. Novemba 2021 serikali iliruhusu wasichana waliojifungua warudi katika shule za kawaida, na mwaka 2022 Kamati ya Wataalamu ya Afrika ya Haki na Ustawi wa Mtoto ikaona kwamba kuwafukuza kulikiuka haki zao. Mimi bado nina dukuduku, kwa sababu ruhusa ile ilikuja kwa waraka, na waraka hufutwa kwa waraka mwingine. Ningependa iandikwe ndani ya sheria yenyewe. Lakini kwa binti yako hilo limeshapita. Cheti cha Baraza la Mitihani (NECTA) hakiandiki kwamba mtu alifukuzwa, na kuwa na mtoto si sababu ya kunyimwa udahili wala mkopo.

Namba yake ya mtihani inaanza na P badala ya S. Wengi huiona hiyo P kama doa. Inaonyesha tu kwamba alifanya mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea. Cheti ni kilekile.

Sasa alama. Kiwango cha chini cha Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) kwa shahada ni ufaulu wa masomo mawili ya kidato cha sita yenye jumla ya pointi 4.0, ambapo A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. D mbili zake zinafika 4 kamili. Amefuzu, ila yuko mlangoni kabisa: kila programu hutaja masomo inayoyataka, na zenye waombaji wengi huchukua wenye pointi za juu. Aombe zinazotaja Kiswahili na Historia, na asitegemee chuo kimoja. Maombi hupelekwa moja kwa moja kwenye chuo. Hapa Dodoma pekee kuna Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) na kile cha Mtakatifu Yohana, na wala hazuiwi kuomba nje ya mkoa. Akikosa shahada, matokeo hayo yanamfikisha stashahada, na kuanzia mwaka wa masomo 2023/24 Bodi ya Mikopo inakopesha pia baadhi ya fani za stashahada.

Shangazi, shida yenu iko kwenye karatasi. Nimewaona vijana wenye alama nzuri kuliko hizi wakikosa mkopo kwa herufi moja. Binti mmoja alikuja kwangu akitokea upande wa Mpwapwa, vyeti vyake amevifunga kwenye kitenge. Nikavipanga mezani: ubatizo Chi-, darasa la saba Ki-, cheti cha kuzaliwa kipya kabisa, Chi-. Familia ilikuwa imelipia cheti wiki mbili kabla, kwa tahajia ya Kigogo ambayo ndiyo sahihi kwao, lakini NECTA haimjui mtu huyo. Walimu wetu wamekuwa wakiyaswahilisha majina ya watoto miaka yote bila kujua watakaolipa ni akina nani.

Kwa hiyo kabla ya kuandikisha chochote, weka cheti cha kidato cha nne mbele yenu. Jina la binti kwenye cheti cha kuzaliwa lisomeke vilevile, herufi kwa herufi. Nendeni dawati la RITA, wakala wa serikali wa vyeti vya kuzaliwa na vifo, kwenye ofisi ya Mkuu wa Wilaya, mkiwa na cheti cha darasa la saba, vyeti vya sekondari, barua ya mtendaji wa kijiji na vitambulisho vya wazazi kama vipo. Kadi ya ubatizo msiifiche. Iambatanisheni na kiapo kwamba majina hayo mawili ni ya mtu mmoja.

Kisha cheti cha kifo cha baba, maana bila hicho Bodi haitamhesabu kuwa amefiwa na mzazi. Kama kuna kibali cha mazishi au karatasi ya zahanati, itafuteni hata kwenye masanduku ya bibi. Jina la marehemu lifanane na jina la baba lililo kwenye cheti cha binti. Kama kadi ya kura ya marehemu ina Chi-, mwelezeni ofisa mapema, na kiapo kiwepo. Vyeti vyote viwili lazima vihakikiwe na RITA kabla ya kuombea mkopo, na uhakiki huchukua siku kadhaa. Msisubiri dirisha la mkopo lifunguliwe.

Fomu ya mkopo yenyewe si ngumu. Ada ya maombi imekuwa shilingi 30,000 kwa miaka kadhaa. Ichapisheni, mtendaji asaini, mdhamini (unaweza kuwa wewe) asaini, na hakimu au wakili agonge muhuri. Hakikisheni hakuna ukurasa uliobaki bila saini. Kama kaya yenu iko TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, jazeni namba ya kaya. Akipangiwa kidogo au akikosa, kuna dirisha la rufaa. Ni mkopo, atakatwa asilimia 15 ya mshahara akiajiriwa.

Kama nauli au gharama ya kiapo inawashinda, ulizeni ofisi ya ustawi wa jamii wilayani wawaelekeze kwa wasaidizi wa kisheria; Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 iliwekwa kwa watu wa hali yenu. Na binti aende mwenyewe RITA, cheti chake mkononi. Kabla ofisa hajabonyeza kuchapisha, amwombe aone jina lilivyoandikwa kwenye skrini.