Fundi wa mashua anayeshindana: riziki ipo?

Ndugu, umeuliza kama mtu anaweza kuunda mashua na papo hapo akawa mshindani, na kama kazi hiyo inalisha. Nimekulia Matondoni, kisiwani Lamu, nikianza kwa kuwashikia wakubwa keekee, kile chombo cha kutobolea mbao, na nimeshindana Shela, kijiji cha kisiwani humo humo, mwaka mpya na siku za Maulidi hadi nimechoka kuhesabu.

Riziki ipo, ila haiko kwenye zawadi. Zawadi ukiigawa kwa mabaharia wote, ukatoa chakula na marekani, kitambaa cha pamba, ya tanga, unabaki na jina. Jina ndilo linaloleta oda. Mtu anaiona mashua yako inapita wenzake, kesho anakuja kuuliza mbao.

Sasa nikueleze ya aibu. Mwaka mmoja nilitaka nyepesi kuliko zote. Sisi hatuna mchoro: ukishalaza mkuku, ule uti wa chini, ukasimamisha hanamu ya mbele na fashini ya nyuma, mengine ni macho, na mataruma, yaani mbavu za mashua, unayachonga kwa tezo, kishoka cha kuchongea, kutoka matawi yaliyopinda yenyewe. Nikaichonga nyembamba, na mbao za mbambakofi nikazipunguza unene mno. Upepo wa nyuma ilikuwa inaruka! Tulipoanza kubisha, yaani kuukabili upepo, mbao zikawa zinacheza, pamba ya kalafati inayoziba nyufa ikatoka, maji yakaingia. Vijana wawili wakashika upo, chombo cha kutekea, kufua maji nje. Hao wawili walitakiwa wawe kwenye ule ubao unaotoka nje upande wa joshini, unakotoka upepo, wanaizuia mashua isilale. Wakiwa ndani, mashua inalala; ikilala, mbao zinalegea zaidi; zikilegea, unahitaji mtu wa tatu wa kufua. Mashua kuukuu ya kubebea mchanga ikatupita. Kwa kawaida fundi humlaumu nahodha na nahodha humlaumu fundi. Mimi nilikuwa wote wawili, nikanyamaza hadi nyumbani.

Tangu hapo unene wa mbao siugusi. Natafuta mwendo kwenye tanga. Tanga likikatwa vibaya hata chombo kizuri namna gani kinaburura. Na upepo ukiwa mdogo, lirushieni maji: marekani ikilowa nyuzi zinabana, upepo haupenyi ovyo.

Kwa hiyo ushauri wangu, usianze na tezo. Omba nafasi ya ubaoni misimu miwili. Utalowa, utatukanwa, lakini utajua kugeuza kunavyogharimu: foromali, ule mti unaobeba tanga, inasimamishwa wima, tanga linazungushwa mbele ya mlingoti, mmoja anakimbiza demani, kamba ya kuongozea tanga, wengine wanahamisha ubao, na yote hayo mashua haina mwendo. Mashindano mengi nimeyapoteza hapo, wala si kwenye kasi. Aliyewahi kuhamisha ubao mashua imejaa watu hujua pa kuacha nafasi anapounda. Asiyewahi hujaza viti.

Oda za siku hizi nyingi ni za kutembeza wageni, na zinalipa vizuri kuliko za wavuvi, sikufichi. Niliyonayo sasa mwenyewe anataka injini tu, tanga hataki kulisikia. Kalio la mlingoti, pale unaposimamishwa, nimemwekea hata hivyo, gharama ni yangu. Injini ikimzimikia huko nje atalitafuta tanga.