Nyumba mliyoiona kwenye picha

Mpwa wangu, nimesikiliza sauti uliyotuma kwenye kundi la familia. Unauliza kwa nini nyumba ya bibi yako pale Tanga imekwama kwenye lenta mwaka wa pili huu, ilhali mjomba anapiga picha mbele ya jumba la kuingia magari mawili. Na mama zako wadogo wakaitikia. Nimeumia.

Jumba si langu. Ni la Mkenya mmoja, naye bado analipa mkopo wa miaka 30. Picha niliituma mwenyewe bila kusema ni la nani, hilo ni kosa langu. Mimi nalala gereji. Usifikirie gereji ya mafundi. Huku Marekani ni chumba cha gari kilichoshikana na nyumba, mlango wake unapanda juu kwa umeme. Dola 450 kwa mwezi. Kushoto friza, kulia mashine ya kufulia, miguuni mapipa ya plastiki ambayo Mkenya anajaza nguo za kupeleka Mombasa.

Vitongoji hivi vya Houston ni ramani tatu nne zilizorudiwa mtaa mzima: tofali lile lile, paa lile lile, mti mmoja mbele. Kwetu ukipita tu unajua nani kapata na nani kakwama, nondo zilizoachwa juu zinasema. Huku ukuta hausemi kitu. Wiki ya kwanza nilitoka zamu ya usiku, nikabonyeza namba za siri kwenye gereji ya mtu mwingine, mara tatu. Mwenyewe akatoka na bastola. Nilinyoosha mikono nikaomba radhi mpaka koo likakauka.

Watu wanaishi nyuma ya milango hiyo, magari yanalala nje. Jirani mmoja ananyoa watu humo, mwingine kaweka vyuma vya mazoezi, Wakongo wa pale kona wanafanyia ibada. Mimi siwezi kuinua mlango hata Agosti, joto likipita nyuzi 38. Chama cha wenye nyumba kinapiga faini mlango ukikaa wazi, na wakiona kitanda nitaondolewa usiku huo huo. Februari 2021, baridi ilipoangusha umeme Texas, nilishika ufunguo niingize gari humo ndani, niliwashe nipate joto. Mkenya akaninyang'anya. Wiki ile Houston wapo waliofanya hivyo, moshi ukawaua.

Usije. Una kazi hapo bandarini, ing'ang'anie. Lakini ukipata viza ya masomo, njoo, usimsikilize mtu, mimi mwenyewe nitakupokea uwanja wa ndege. Godoro la pili lipo. Ila usikubali kukaa gereji zaidi ya miezi mitatu, mwili unazoea, na ukishazoea hutoki. Mimi nimo tangu 2020.

Kila mwezi dola 300 zinakuja Tanga. Ningepanga chumba chenye dirisha, nyumba ya bibi isingefika hata hiyo lenta.

Sasa kaa na fundi, anipe hesabu ya mbao na mabati, hesabu ya dukani, si ya kukadiria. Nitatuma mwisho wa mwezi. Na bibi usimwambie nalala wapi. Yeye anajua nina chumba.