Tuanzie kwenye ndoo

Mhariri, wiki hii mmeuliza: dagaa wa Ziwa Tanganyika wanapungua, kosa ni la wavuvi au la joto? Nadhani wengi watawataja wavuvi, maana mvuvi anaonekana na joto halionekani. Wavuvi wana lao, nitalifikia. Kwanza chukua ndoo ya kuogea.

Weka maji baridi nusu, kisha mimina ya moto taratibu juu yake. Ukichovya kidole unaungua, ilhali chini ni baridi vilevile, mpaka uyakoroge. Tanganyika ndiyo ndoo hiyo, ila kina chake ni mita 1,470. Joto la juu na la vilindini hupishana nyuzi chache tu, lakini kwa maji ya uvuguvugu kama yale, hizo chache zinatosha kuyatenga. Oksijeni inaishia mita 100 hadi 200 hivi. Chini ya hapo samaki haishi, na huko huko ndiko ilikolala mbolea ya ziwa, kwa kuwa kila kinachokufa huzama.

Anayekoroga ni upepo. Kuanzia Mei hadi Septemba hivi, upepo wa kusini husukuma maji ya juu kuelekea kaskazini, na upande wa kusini, kule Mpulungu nchini Zambia, maji ya chini hupanda na mbolea yake. Mwani hustawi, vijidudu hula mwani, dagaa hula vijidudu, migebuka nao hula dagaa.

Sasa hewa ya ukanda ule imezidi joto tangu karne iliyopita, maji ya juu yakafuata, na upepo nao ukalegea, kwa hiyo ndoo haikorogwi vizuri na mbolea inabaki chini. Mwaka 2003, mwanasayansi Catherine O'Reilly na wenzake walieleza katika jarida la Nature walichokisoma kwenye tope la sakafu ya ziwa: uzalishaji wa mwani huenda umeshuka kwa asilimia 20 hivi, na kwa hesabu yao samaki kwa asilimia 30 hivi. Mwaka 2016, timu ya mwanasayansi Andrew Cohen ikaonyesha kuwa mabaki ya samaki topeni yalianza kupungua kabla uvuvi wa kibiashara haujashamiri katikati ya karne ya 20. Hapo ndipo "ni wavuvi tu" inaponishinda kuimeza.

Kokoro na nyavu za matundu madogo siwatetei wenye nazo. Tanzania ilipofunga ziwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, niliunga mkono, ingawa najua miezi mitatu bila kuvua ni mirefu kwa mwenye watoto. Lakini kufunga kunapunguza dagaa wanaotolewa tu, hakuwaongezei chakula. Kwa hiyo leseni na idadi ya mitumbwi, kwa nchi zote nne zinazolichangia ziwa, zipangwe kwa kile ambacho maji ya leo yanaweza kulisha, si kwa mavuno ambayo wazee wanayakumbuka.