Kufukuzwa kazi bila hela ya wakili

Pole sana dada. Umesema umeachishwa kazi hapo Mwanza wiki mbili zilizopita, na wakili anataka malipo ya awali usiyonayo. Usihangaike na wakili kwanza, hangaika na kalenda. Malalamiko ya kuachishwa kazi hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30. Ukichelewa itabidi uombe kuongezewa muda na utoe sababu za msingi, na huko ndiko wengi wanakokwama.

Kufungua shauri CMA hakuna ada. Unajaza fomu namba 1, mwajiri anapewa nakala yake, mnaanza na usuluhishi. Unaruhusiwa kujisimamia mwenyewe. Kama ulikuwa mwanachama wa chama cha wafanyakazi, wakumbushe ile michango yako, maana wanaweza kukuwakilisha.

Fomu ikikushinda, tafuta msaidizi wa kisheria aliyesajiliwa. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua, na msaada wao kwa asiye na uwezo ni bure. Ulizia ofisi ya ustawi wa jamii halmashauri. Beba mkataba, barua na hati za mshahara. Vishoka wa nje ya mahakama wapite mbali.