Spirulina ya Ziwa Nakuru inaweza kuwekewa jeni ya dawa?

Dada, umeuliza kama ule ukijani wa Ziwa Nakuru unaweza kuwekewa jeni, yaani agizo la urithi linaloiambia seli itengeneze nini, ili utengeneze dawa. Unaweza, ila si kazi nyepesi.

Ule ni spirulina, chakula cha ndege heroe. Nimewahi kuchota maji yale ukingoni: yanateleza mkononi kama ya sabuni kwa sababu ya magadi, na chini ya hadubini unaona nyuzi zilizojikunja kama springi. Kwa kweli ni bakteria wanaoishi kwa mwanga wa jua, si mwani halisi. Seli zao hukatakata DNA ngeni (kemikali inayobeba jeni) ikiingia, na jambo hilo liliwasumbua watafiti miaka mingi. Mwaka 2022 kundi moja la Marekani lilichapisha njia ya kuifanya spirulina itengeneze protini za tiba.

Aliyezoeleka maabara ni Chlamydomonas, mwani halisi wa seli moja. Mwaka 1988 kloroplasti yake, ile sehemu ya kijani ya seli inayotumia mwanga kutengeneza chakula, iliwekewa jeni kwa kupigwa chembe za metali ya tungsteni zilizopakwa DNA. Mimi naipenda sana kloroplasti: jeni inakaa pale pale ulipolenga, wakati kwenye kiini cha seli inaangukia popote na mara nyingi seli huizima. Kisha unazimwaga seli kwenye sahani yenye antibayotiki na kusubiri vidoti vya kijani. Hivyo ndivyo vilivyopokea jeni ya kuistahimili antibayotiki hiyo, ambayo huingizwa pamoja na jeni unayoitaka.

Ukitaka kujaribu hapa Kenya, hata ndani ya maabara, omba kibali kwanza chini ya Sheria ya Usalama wa Kibayolojia ya 2009. Na tafadhali, tone la seli hizo lisifike ziwani.